Je, Wajua? Sakafu Inaweza Kuharibu Kazi ya Mashine ya Kukereza

Mashine kuukuu ya kukereza chuma ikianza kutoa kazi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mara nyingi kosa liko chini ya miguu yake. Kitanda chake kizito huonekana hakipindiki, lakini sakafu isiyo sawa hukisokota. Funga nondo nene kwenye mashine, ncha moja ikiwa huru. Ikereze kidogo sana sehemu mbili bila kubadili kina cha kisu, kisha pima kwa maikromita. Vipimo vikitofautiana, pachika bati jembamba chini ya mguu mmoja wa upande wa mkiani, ukereze na kupima tena hadi vilingane. Tafadhali, usikimbilie kufungua kichwa cha mashine!

Na je, mashine kuukuu kama hizi zitiwe grisi? Si zote. Kwa mfano, mashine ya kukereza ya South Bend ya inchi 9 ilitoka katika kiwanda kilichoanzishwa Indiana, Marekani, mwaka 1906 na mapacha John na Miles O'Brien. Ekseli yake kuu hulainishwa na tambi za sufu zinazofyonza mafuta mepesi kutoka chini. Grisi huziziba, na ekseli huzunguka kavu hadi ijikwaruze.