Deni la Mwandishi wa Hadithi Ndefu



Katika muhula huu ulizuka ugomvi mkubwa katika bweni letu hapa Raskazone. Haukuwa juu ya mpira, wala haukuwa juu ya maharage ya usiku. Ulikuwa juu ya mzee mmoja mvuvi ambaye hakuzaliwa wala hatazikwa, kwa kuwa ni mtu wa hadithi tu. Wenzangu waligawanyika pande mbili, na mimi niliyekuwa chanzo cha ugomvi sikuwa na pa kujificha. Nimeona yafaa nieleze jambo lenyewe, maana ndani yake mna somo kwa kila mtu apendaye kusoma au kuandika.

Nje ya bwalo letu pana ubao. Kila Jumamosi hubandikwa hapo ukurasa mmoja wa hadithi ya mzee aitwaye Baba Ngalawa. Aliyeianza ni mwanafunzi aliyekwisha maliza masomo yake, naye alipoondoka alinikabidhi mimi kalamu. Nilidhani nimepewa zawadi. Kumbe nilikuwa nimerithi deni.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hadithi ya kawaida huanza, hukolea, kisha huisha, na mtu akafunga kitabu. Hadithi ya mfululizo haiishi hivyo. Watu wake ni wale wale, nao hurudi tena na tena, kitabu baada ya kitabu au wiki baada ya wiki. Katika hadithi za namna hii mambo mawili huwagombanisha wasomaji. La kwanza ni hili: tumfuate nani? Yaani, mwandishi ammulike shujaa peke yake, au awape nafasi na wale walio kando yake? La pili ni hili: je, ya leo yapatana na ya jana?

Labda mtu atauliza, mbona hatukugombana hivi juu ya Sungura na Simba tulipokuwa wadogo? Jana Simba alikufa, leo yu hai tena, wala hapana mtoto amwambiaye bibi yake kwamba amekosea. Nadhani sababu ni kwamba Simba wa hadithi si mtu fulani. Yeye ni nguvu isiyo na akili, na Sungura ni akili isiyo na nguvu, na kila hadithi husimama kwa miguu yake. Abunuwasi naye ni vivyo hivyo. Lakini mwandishi akimpa mtu nyumba yake, rafiki yake, na namna yake ya kusema, msomaji humweka moyoni kama jirani. Na jirani akibadilika ghafula, hatuna budi kuuliza kumetokea nini.

Katika Kiswahili twaweza kumtazama Bwana Msa. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi yake iitwayo "Mzimu wa Watu wa Kale" ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Humo twakutana na Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko mwenye fikra nyingi, pamoja na sahibu yake Najum. Ukizitazama herufi za jina Msa, utaona ni zile zile zinazoanza majina matatu ya mwandishi. Baadaye kikaja "Kisima cha Giningi" mwaka 1968, kisha vingine katika miaka ya 1970, mpaka "Kosa la Bwana Msa" mwaka 1984. Toka cha kwanza hadi hicho ni miaka 24.

Katika bweni letu wako wasemao kwamba Bwana Msa angetosha peke yake, na kwamba Najum hupoteza wakati kwa maswali. Mimi siafikiani nao. Bwana Msa ni mtu afichaye mawazo yake. Kama tungekaa ndani ya kichwa chake, siri yote ingefichuka mapema na kitabu kingekuwa kimekwisha. Najum hustaajabu kwa niaba yetu, hudhani vibaya kwa niaba yetu, na kwa hiyo sisi hatuoni haya ya kutoelewa. Basi yule wa kando si mpoteza wakati. Yeye ndiye mlango tunaopitia kumwendea shujaa.

Sasa litazameni jina la kitabu kile cha mwaka 1984. Mtu asiyemjua Bwana Msa hatashtuka kulisoma, kwani kila mtu hukosea. Lakini aliyesoma vitabu vya nyuma atauliza mara moja, "Hata Bwana Msa naye hukosea?" Nguvu ya jina hilo haimo katika neno "kosa." Imo katika kumbukumbu ya msomaji. Hii ndiyo faida ya mapatano baina ya kitabu na kitabu: mwandishi hujenga ghala, kisha neno moja tu laweza kulifungua.

Je, kila kutopatana ni dhambi? Hapa yafaa tutazame ng'ambo, kwa Sherlock Holmes wa Uingereza, aliyetungwa na Arthur Conan Doyle. Rafiki yake Holmes ni Daktari Watson, aliyejeruhiwa vitani Afghanistan. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1887, risasi ilimpata begani. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1890, jeraha liko mguuni! Tena jina lake ni John, lakini katika hadithi moja ya mwaka 1891 mkewe amwita James. Je, wasomaji walivitupa vitabu? Hata kidogo. Walivipenda zaidi, wakafanya mchezo wa kuyapatanisha makosa. Mwandishi mmoja, Dorothy Sayers, alitoa hoja kwamba herufi H iliyo katikati ya jina la Watson ni Hamish, ambalo ndilo James kwa namna ya Kiskoti.

Lakini mwaka 1893 Conan Doyle, akiisha kumchoka Holmes, alimwangusha katika maporomoko ya maji huko Uswisi. Hapo wasomaji hawakucheka. Wengi waliliacha gazeti lililokuwa likichapa hadithi zile, na barua za hasira zikamfikia mwandishi. Mwaka 1901 alianza kuchapa hadithi nyingine ya Holmes, akiiweka katika siku za kabla ya kifo hicho. Haikuwatosha. Mwaka 1903 ilimbidi amrudishe kabisa, akaeleza kwamba Holmes hakuanguka, bali alijificha adui zake. Basi bega na mguu walimsamehe, lakini kuachwa bila rafiki hawakumsamehe.

Hapa kwetu Tanzania redio imetufundisha jambo jingine. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa mfululizo uitwao "Twende na Wakati." Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake wa kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo ulikusudiwa kufundisha watu juu ya uzazi wa mpango na ukimwi, lakini watungaji hawakuhubiri. Walimwacha Mkwaju aende njia yake siku baada ya siku, mpaka akaambukizwa. Tunu naye hakugeuka kuwa shujaa kwa usiku mmoja. Alivumilia, akasikiliza, akajifunza, kisha akasimama kwa miguu yake. Basi kupatana na ya jana si kusema kwamba mtu asibadilike kamwe. Abadilike, illa sharti tuione njia aliyoipita.

Baada ya kuyasema hayo, narudi kwenye ubao wetu, nami nakiri makosa yangu.

Baba Ngalawa hana kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Siku moja, kwa haraka, nikaandika mkono wa kulia. Watu wakacheka bwaloni, nami nikacheka nao, na mambo yakaisha. Kosa la pili halikuwa la kuchekesha. Nilikuwa nimechoka kuandika juu ya mzee. Nilitaka kumfuata mpwa wake, kijana wa umri wangu. Ili nimpe nafasi yule kijana, niliandika kwamba siku ya pepo za kusi chombo cha jirani kilipinduka, na Baba Ngalawa akageuza ngalawa yake kurudi pwani. Kijana alitazama asiseme neno. Sikuandika sababu yoyote, kwa kuwa sikuwa nayo.

Asubuhi yake nilikuta maneno mawili yameandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa: "Huyu siye." Hadi jioni maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa mikono mingi. Wengine walinitetea, wakisema mzee amekwisha pitwa na wakati na kijana apewe usukani. Basi ndivyo bweni lilivyogawanyika.

Usiku, baada ya masomo ya jioni, mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alisimama kando ya kitanda changu. "Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba. Wataka nini?"

"Nataka kuuliza. Baba Ngalawa alifanywa nini hata akawaacha watu majini?"

Nikamwambia ni hadithi tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu yangu ni mvuvi. Mwaka jana chombo chake kilipinduka. Mzee mmoja alimrudia. Mimi nilidhani umeandika juu ya mzee yule."

Sikupata usingizi upesi. Mtoto yule hakunilaumu kwa kumpa kijana nafasi. Aliuliza sababu tu, nami sababu yangu ilikuwa uchovu wangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwuza mzee wake ili nipate kuandika nikipendacho.

Siku ya pili nilifungua jalada la kurasa za zamani, nikazisoma zote tangu mwanzo. Katika ukurasa wa tisa nilikuta jambo nililolisahau: mwenzangu aliyenitangulia alikuwa ameandika kwamba Baba Ngalawa alianza kuona ukungu jua lilipokuchwa. Basi Jumamosi iliyofuata niliandika kwamba mzee hakukimbia. Hakuwaona. Macho yake yamekwisha, naye aliona haya kumwambia mtu. Kijana alipotambua hivyo, alishika usukani bila kuambiwa, wakarudi pamoja kuwatafuta wale watu, na tangu siku ile yeye ndiye macho ya mjomba wake.

Angalieni, basi: kijana alipata nafasi niliyotaka kumpa, na mzee hakuvunjiwa heshima yake. Njia ilikuwamo ndani ya hadithi yenyewe. Mimi nilikuwa mvivu wa kuitafuta. Ukurasa ule haukuandikwa neno pembeni, na mtoto wa kidato cha kwanza aliusoma mara mbili.

Kwa ufupi, mafunzo niliyoyapata ni matatu. Kwanza, makosa ya vidole na majina husameheka, lakini afadhali mwandishi awe na daftari la kuyaandika. Pili, nafasi ya shujaa yaweza kuhama kwa mtu mwingine, mradi yule wa kwanza asidhalilishwe ili wa pili atukuke. Tatu, tabia ya mtu isigeuzwe bila sababu ambayo msomaji aweza kuiona kwa macho yake. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na kila ukurasa uliokwisha somwa ni ahadi.

Mwezi wa Novemba sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha tutafungasha masanduku. Ngalawa zitaendelea kupita hapa mbele ya Raskazone asubuhi na jioni, na ubao utabaki pale nje ya bwalo. Daftari la Baba Ngalawa nimekwisha liandika: kidole, macho, mpwa, na watu wote aliopata kuwaokoa. Nitampa mwenzetu wa kidato cha tatu atakayekubali kazi hii. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Namwomba jambo moja tu: kabla hajaandika ukurasa wake wa kwanza, asome kurasa zote za nyuma, maana wako waliokwisha zisoma, nao hawajasahau.