Huyo si chozi! Mtambue mvumaji wa Quito kwa ‘soksi’ zake

Marehemu Profesa Wangari Maathai alipenda kusimulia hadithi ya ndege mdogo aliyebeba matone ya maji mdomoni kuuzima moto msituni, huku wanyama wakubwa wakitazama tu. Ndege huyo ni mvumaji. Lakini usimtafute hapa Kenya. Yule anayemetameta kwenye maua ya ploti yenu ni chozi. Wavumaji, zaidi ya spishi 350, huishi mabara ya Amerika pekee.

Kuwatofautisha si ngumu. Chozi mara nyingi hutua tawini ndipo anyonye ua. Mvumaji hunyonya akielea hewani, mabawa yakipiga kasi hadi yanavuma, kisha anarudi nyuma kama matatu iliyotiwa rivasi.

Kibarua ni kujua ni mvumaji yupi. Chukua mfano wa Eriocnemis nigrivestis, anayeishi Ekuador kwenye misitu ya mawingu ya volkano ya Pichincha, juu ya jiji la Quito. Ni mdogo hata kuliko kidole chako cha kati ukihesabu na kiganja.

Anza na miguu. Ana vifundo vya manyoya meupe, utadhani amevaa soksi za pamba. Halafu tazama kifua: dume ni mweusi, koo lake likiwa la zambarau-buluu. Ila usiharakishe! Rangi hiyo inayong'aa hutokana na jinsi unyoya unavyoakisi mwanga. Akigeuka kidogo tu, koo linaonekana jeusi tii. Subiri ageuke tena.

Jike ndiye huwachanganya wengi, kwa sababu ni wa kijani. Binamu yake, Eriocnemis luciani, pia ni wa kijani, anavaa soksi nyeupe vilevile na wanapatikana msitu mmoja. Angalia koo: jike wa nigrivestis ana baka la buluu hapo. Luciani hana; buluu yake iko kwenye paji la uso, na yeye ni mkubwa zaidi.

Mbona tusumbuke hivi? Kwa sababu nigrivestis yumo hatarini kutoweka. Misitu yake ilikatwa kwa ajili ya makaa, mashamba ya viazi na malisho ya ng'ombe. Ukimhesabu luciani kuwa ni yeye, utadhani wako wengi, kumbe wanaisha. Mwaka 2001 wakfu wa Jocotoco ulianzisha hifadhi ya Yanacocha kumlinda, na mwaka 2005 Quito ikamfanya ndege wa nembo ya jiji.

Nawe unaweza kuanza mazoezi leo na chozi wa mtaani. Kabla ya kutoa simu upige picha, kagua mambo manne: mdomo, koo, mkia, miguu. Kisha ipakie picha kwenye iNaturalist, wajuzi wakusaidie kumtaja. Rekodi sahihi ni tone lako la maji.