Mtoto Anakufa Mara Kumi na Bado Anarudi: Michezo Migumu ya Telefone Inatufundisha Nini?



Jioni nyingi tunamkuta mtoto ameinamia telefone, amekunja uso. Tunamuuliza anafanya nini. Anajibu: "Ninatafuta chakula kabla ya usiku." Tunashangaa. Sisi tunaotafuta chakula kabla ya usiku kila siku, hatukuwahi kuona kwamba huo ni mchezo.

Mara nyingi mchezo wenyewe ni Minecraft, uliotengenezwa Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 2011. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Katika sehemu yake ya kupigania uhai, mtoto anaanza mikono mitupu. Anakata mti, anatengeneza jembe la mbao, anapanda ngano karibu na maji, anafuga kuku. Njaa inampunguza nguvu. Giza likiingia, viumbe vibaya vinatoka kumwinda. Akifa, vitu alivyobeba vinabaki pale alipoanguka, naye anaanza tena bila kitu.

Kwa nini apende taabu hiyo? Sisi walimu tumejiuliza sana, kwa sababu mtoto huyo huyo akipata zero katika hesabu, analia, anafunga daftari, hataki tena. Lakini katika mchezo amekufa mara kumi na bado anarudi.

Tuliwauliza wanafunzi wetu, na jibu lao lilitugusa. Katika mchezo, ukianguka hakuna anayekucheka. Kosa lako unaliona: ulichelewa kuwasha mienge, au ulichimba moja kwa moja chini ya miguu yako. Unajaribu njia nyingine papo hapo. Na ukipata mkate wa kwanza, unajua umetoka katika jasho lako.

Hapo tulijiona sisi wenyewe. Walimu tunasoma alama kwa sauti, darasa lote lisikie. Nyumbani tunamwita mtoto mjinga mbele ya wadogo zake. Si ugumu wa hesabu unaomkimbiza, ni aibu.

Hata hivyo, tusimwachie telefone usiku kucha. Michezo hii haina mwisho, kwa hiyo saa ya kuacha tuipange sisi, baada ya masomo na kazi za nyumbani. Tena, si yote inafaa watoto. This War of Mine, uliotoka Poland mwaka 2014 kwa mfano wa mji wa Sarajevo uliozingirwa vitani, unaonyesha raia wakitafuta chakula na dawa. Huo ni wa watu wazima. Sisi tuliokimbia vita tunaelewa sababu.

Leo jioni, tuketi karibu na mtoto tumuulize: "Ulikosea wapi, na kesho utafanyaje?" Kisha tufungue daftari lake la hesabu, tumuulize swali lile lile, kwa sauti ile ile.