Dozi ya Pili ya Homa ya Ini C: Pesa Iende Wapi

Anayerudia matibabu ya homa ya ini C huisubiri karatasi ya wiki ya 4 roho juu. Dozi ya kwanza haikumponya, na sasa maabara inamwambia kwamba virusi vilivyokuwa mamilioni kwa mililita havionekani, au vimebaki vichache mno hata mashine haiwezi kuvihesabu. Ana haki ya kufurahi, maana dawa inafanya kazi. Lakini kwa vidonge vya siku hizi karibu kila mgonjwa hufika hapo, akiwemo yule ambaye virusi vitamrudia baadaye. Kipimo kinachoamua ni cha wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Mwenye mfuko mdogo atenge pesa ya hicho tangu siku anapoanza dawa.

Enzi za interferoni mambo yalikuwa mengine. Ilikuwa sindano kila wiki na vidonge vya ribavirini kila siku, mara nyingi kwa wiki 48. Virusi visipopungua angalau mara mia kufikia wiki ya 12, daktari alisimamisha dawa, kwa kuwa kuendelea kulikuwa kumtesa mgonjwa bure. Leo majibu mazuri ya mapema hayafupishi dozi. Anayeacha dozi ya wiki 12 akiwa wiki ya 8 ili aokoe bei ya chupa ya tatu anaweza kujikuta akizilipia zote upya.

Uamuzi mzito ni dawa gani irudiwe, na Rwanda imetupa somo la karibu. Huko virusi vingi ni vya jenotaipu ya 4, na tawi moja lake, 4r, ni gumu kutibika. Katika utafiti wa SHARED watu 300 walipewa ledipasvir na sofosbuvir. Wakapona 261, ila miongoni mwa wenye 4r walipona zaidi kidogo ya nusu. Baadaye watu 40 ambao tiba ya awali haikuwaponya walipewa kidonge chenye dawa tatu, yaani sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, kwa wiki 12. Wakapona 39. Kwangu mimi hayo ndiyo matokeo ya kumtia moyo anayeanza upya, kuliko karatasi yoyote ya wiki ya 4.

Kwenye bei, linganisha dozi nzima, usilinganishe chupa. Marekani, kidonge hicho cha dawa tatu kiliingia sokoni mwaka 2017 kwa jina la Vosevi, kwa dola 74,760 za wiki 12. Mavyret, dawa nyingine ya homa ya ini C, ilitoka mwaka huohuo kwa dola 26,400, lakini hiyo ni ya wiki 8. Mwenye jenotaipu ya 1 aliyewahi kutumia ledipasvir au daclatasvir anatakiwa kuinywa wiki 16, na bei inakuwa dola 52,800. Sofosbuvir na velpatasvir isiyo na jina kubwa ilianza kuuzwa huko mwaka 2019 kwa dola 24,000 za wiki 12. Kwa anayerudia, pale inapotumika, huhitaji ribavirini na wiki 24, kwa hiyo zidisha mara mbili.

Katika nchi zinazonunua dawa za India kwa mpango maalumu, sofosbuvir na daclatasvir zimeshuka hadi dola 60 kwa dozi nzima, bei iliyotangazwa mwaka 2023. Ni habari njema kweli. Lakini kama ni dawa hizohizo zilizokushinda, kuzirudia vilevile kwa wiki zilezile ni kutupa pesa, kwa sababu virusi vilivyobaki huenda vimeshazizoea. Ulizia kidonge cha dawa tatu kwenye mpango wa taifa au hospitali ya rufaa kabla ya kwenda duka la dawa.

Katika vipimo pia kuna pa kubana. Kipimo cha kingamwili usikilipie tena. Kitaonyesha chanya hata ukishapona. Hali ya ini hukadiriwa kwa APRI, hesabu inayotumia kimeng'enya cha AST na chembe sahani, vitu vinavyopatikana kwenye vipimo vya kawaida vya damu, hivyo si kila mtu anahitaji kulipia FibroScan, mashine inayopima ugumu wa ini. Kipimo cha homa ya ini B usikiruke, kwani virusi vya B vinaweza kuamka wakati vya C vinapotibiwa. Na mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi, tumbo likijaa maji, hapewi kidonge cha dawa tatu hata akiwa na pesa. Omeprazole nayo, dawa ya bei ndogo ya vidonda vya tumbo, hupunguza velpatasvir inayoingia mwilini, mtajie daktari.

Wingi wa virusi hupimwa kwa GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu. Katriji yake kwa nchi zetu imekuwa ikiuzwa karibu dola 15, kabla ya usafiri na ada ya maabara. Aliyepima wiki 12 baada ya dozi na kukutwa hana virusi, kisha vikaonekana miaka miwili baadaye, kwa kawaida ameambukizwa upya, na dawa za dola 60 zinaweza kumtosha. Ambaye hakupima, daktari hana namna rahisi ya kujua kama vilirudi au viliingia vipya, na anaweza kuagizwa dawa ghali asiyoihitaji.