Mpiga fidla anapoongoza okestra bila kifimbo

JINA Kiamaiko linapotajwa, wakazi wengi wa Nairobi hukumbuka mbuzi na machinjio. Wachache hufikiria fidla. Hata hivyo, ni katika mtaa jirani wa Korogocho ambako mradi wa Ghetto Classics ulianzishwa mwaka wa 2008, na vijana wa maeneo hayo wakafundishwa ala zilizodhaniwa kuwa za matajiri.

Je, okestra huongozwaje pasipo mtu wa kusimama mbele na kifimbo? Mpiga fidla mkuu hubeba kazi zote mbili. Kabla ya sauti ya kwanza, yeye huvuta pumzi na kuinua upinde. Kasi ya kuuinua ndiyo mwendo wa muziki. Ukigusa nyuzi, wote huingia. Wakati okestra inapofungua utunzi, hupiga pamoja na wenzake akiwa amewaelekea, kisha huigeukia hadhira.

Hapo ndipo kibarua kinapoanza. Mikono yote miwili imeshikika, kidevu nacho kimebana ala. Humsalia mabega na macho tu, na penye vifungu vigumu hata macho hayapatikani. Mwendo hushikiliwa na wapiga ala za sauti nzito, huku kiongozi wa fidla za kwanza akiutazama upinde wa mkuu wake. Anapobaki kupiga peke yake, wenzake husubiri mtetemo mrefu wa sauti mbili, ishara kwamba warejee. Asiyesikiliza huachwa.

Mtindo huu huzifaa tungo za Vivaldi na Mozart. Kwa utunzi mzito kama wa Brahms wa mwaka wa 1878, kwa kawaida kifimbo huhitajika. (Wapenzi wa taarabu hawatashangaa, wapiga fidla wa Zanzibar wamezoea kumfuata mwimbaji kwa sikio.)

Aliyeimudu kazi hiyo kwa sifa kubwa ni Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika. Mwaka wa 1773 alikabidhiwa uongozi wa Concert des Amateurs, okestra ya Paris. Mwaka wa 1776 alipopendekezwa kuongoza Opera ya jiji hilo, wasanii wa kike watatu walimwandikia malkia kwamba hawangekubali amri za chotara. Aliliondoa jina lake. Okestra yake aliendelea kuiongoza, fidla begani, hadi ilipovunjwa mwaka wa 1781 kwa kukosa fedha.