Gari la umeme: Hesabu uniti ukutani, si garini

MFANYABIASHARA anayetaka kununua gari la umeme kwa ajili ya teksi, au kuuza huduma ya kuchaji dukani kwake, huuliza kwanza bei ya gari na bei ya uniti. Swali la tatu husahauliwa, nalo ndilo linalokula faida: uniti hizo zimehesabiwa wapi?

Tuanze na vipimo vyenyewe. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha kilowati moja kikiwaka kwa saa moja. Kilowati ni kasi ya maji bombani. Uniti ni ndoo zilizokwisha kujaa. Anayelipia umeme hulipia ndoo, halipii kasi.

Gari likichajiwa, ndoo hizo huweza kuhesabiwa mahali pawili. Pa kwanza ni ukutani, kwenye mita. Pa pili ni garini, ambapo kioo mbele ya dereva huonyesha umeme ulioingia kwenye betri. Hesabu hizi mbili hazilingani, na ya ukutani ndiyo kubwa daima.

Umeme unapotelea wapi

Umeme wa nyumbani si wa aina inayohifadhiwa na betri, kwa hiyo chaja iliyomo ndani ya gari huubadili kwanza. Katika kubadili, sehemu hugeuka joto. Waya nao hupata moto. Zaidi ya hapo, kompyuta, pampu na feni za gari hubaki macho muda wote wa kuchaji, na chakula chao ni umeme huohuo.

Ndiyo maana kuchaji polepole mno hakupunguzi gharama kama wengi wanavyodhani. Tuseme vifaa hivyo vinakula wati 250. Gari likikaa kwenye soketi kwa saa 9, vimekula zaidi ya uniti mbili. Likimaliza kwa saa 3, havijafikisha hata uniti moja.

ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, kilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2022. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, upotevu ulikuwa kati ya asilimia 10 na 30. Kwenye chaja maalumu ya ukutani, ulishuka hadi asilimia 5 hadi 10.

Hesabu ya mwenye teksi

Tuchukue mfano wa uniti moja kwa Sh. 350. Betri imepokea uniti 17, lakini mita ya ukutani imehesabu 20. Upotevu ni asilimia 15. Anayesoma kioo cha gari ataandika gharama ya Sh. 5,950. Aliyesoma mita ataandika Sh. 7,000, na hizo ndizo zilizotoka mfukoni.

Tofauti ni Sh. 1,050 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh. 27,300 kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh. 327,600. Hizo si fedha za kusahau, hasa kwa mwenye magari matatu au manne. Naye anayeuza huduma ya kuchaji akimtoza mteja kwa hesabu ya kioo cha gari, hasara yote ni yake.

Kuuza kwa saa

Wapo wanaotoza kwa saa. Njia hii ni rahisi, lakini si ya haki kwa pande zote. Soketi ya ampea 10 kwenye volti 230 hutoa kilowati 2.3. Jioni, umeme ukishuka hadi volti 200, hutoa kilowati 2 tu. Mteja amelipa saa ileile na kupata kidogo. Tena betri inapokaribia kujaa, gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea. Jimbo la California nchini Marekani liliagiza chaja mpya za biashara ziuze kwa kilowati-saa, zile za kawaida kuanzia mwaka 2021 na za haraka kuanzia 2023.

Kupima kwa gharama nafuu

Asiye na mita ya pekee aandike uniti zilizobaki kwenye LUKU kabla ya kuchaji na baada ya kuchaji, huku friji, pasi na vifaa vingine vimezimwa. Atakayechaji kila siku amwite fundi aweke mita ndogo kwenye laini ya gari peke yake. Mita hiyo na soketi yake viwe vya kustahimili mzigo kwa saa nyingi mfululizo, maana vifaa hafifu huyeyuka.

Laini ya pekee ina faida nyingine. Kenya ilianzisha Aprili 2023 bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: Sh. 16 za Kenya kwa uniti, na Sh. 8 katika saa zenye matumizi madogo, kabla ya tozo. Bei ya namna hiyo haimfai asiyeweza kutenganisha uniti za gari na za nyumba.

Kwa wanaoagiza

Wanunuzi wa magari yaliyotumika wawe waangalifu na takwimu za kiwandani. Nissan Leaf la kwanza, lenye betri ya kilowati-saa 24, lilitangazwa Japani kuwa linakwenda kilometa 200 kwa chaji moja. Gari hilohilo lilipopimwa Marekani lilipewa maili 73, yaani kilometa 117, na matumizi ya uniti 34 kwa maili 100. Hesabu hiyo ya Marekani ilijumuisha upotevu wa kuchaji, na ndiyo ya kumfaa mwenye biashara. Hizo zote ni takwimu za betri mpya. Iliyozeeka hubeba pungufu.

Ushauri wetu: kabla ya kupanga nauli au bei ya kuchaji, pima kwa wiki mbili na uandike uniti za ukutani pamoja na kilometa za kila siku. Gawanya gharama kwa kilometa. Mali bila daftari hupotea bila habari.