Kibarua Huacha Lini Kuwa Kibarua?

Watu wengi nchini Kenya, wenye kuajiri na wenye kuajiriwa, hudhani ya kuwa mtu alipwaye kila jioni aweza kuambiwa, "Kesho usije," hata kama amefanya kazi mahali pale miezi sita. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaeleza jambo hili wazi, na yafaa pande zote mbili zilifahamu.

Neno kibarua latokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kwa sheria, kibarua ni mtu alipwaye mwisho wa siku, wala haajiriwi kwa muda upitao saa 24 kwa mara moja. Mtu wa namna hiyo aweza kuachishwa siku ikiisha, bila ya kupewa ilani.

Lakini siku zikifuatana, hali yake hubadilika kwa njia mbili:

(1) Akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake hutimia mwezi mmoja.

(2) Akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu.

Hapo sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, hata kama bado alipwa kila jioni. Wala siku ya kupumzika haikati hesabu. Baada ya siku 6 za kazi hustahili siku 1 ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo, pamoja na sikukuu za serikali, huingia katika hesabu.

Basi tajiri mwenye ghala akitaka kumwachisha mchukuzi wa magunia aliyekuja kazini kila siku kwa miezi 4, hana budi kumpa ilani ya siku 28 kwa maandishi, au kumlipa mshahara wa siku hizo. Ikiwa sababu ni makosa au ulegevu wa kazi, lazima kwanza amweleze kwa lugha aifahamuyo, na kusikiliza maneno yake mbele ya mfanya kazi mwenziwe amchaguaye. Kadhalika, aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo hupata haki za wafanya kazi wengine, kama vile likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila atimizapo miezi 12.

Kuweka daftari la wafanya kazi ni wajibu wa mwajiri, na mkataba wa miezi 3 au zaidi ni yeye apaswaye kuuandika. Akikosa karatasi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye mahakamani. Na akimwachisha mtu pasipo haki, aweza kuamriwa kumlipa fidia mpaka ya mshahara wa miezi 12.

Mfanya kazi naye na aandike kila siku aliyofanya kazi na kila shilingi aliyopokea. Akiachishwa isivyo haki, apeleke malalamiko kwa Afisa wa Kazi kabla ya miezi 3 kupita. Na kwa mahakama, kabla ya miaka 3. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku za kazi ndizo mali ya kibarua.